Chunusi za Dada Nyangeta

Juzi, katika soko la Musoma, mama mmoja aliyekuwa akipanga chupa za samli mezani alifungua kizibo ili mteja wake anuse. Harufu ikanifikia mimi niliyekuwa hatua tatu nyuma, nikasimama. Samli ya kienyeji ina harufu ya maziwa yaliyolala, ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na kwa mbali kidogo harufu ya zizi. Watu wengi wakiisikia huwaza ugali wa moto. Mimi nilimkumbuka dada yangu Nyangeta na uso wake, na mwaka ule mzima niliotembea nikiamini kwamba ni mimi niliyeuharibu.

Ninyi mnaolingana nami kwa umri mnajua jinsi chunusi zilivyokuwa. Hazikuwa ugonjwa, kwa hiyo hakuna aliyezipeleka hospitali. Zilikuwa kitu cha kuchekwa, au cha kusutwa, au cha kuambiwa kwamba zitaisha ukiolewa. Mtoto mwenye malaria alifunikwa blanketi na kuulizwa anataka kula nini. Mtoto mwenye chunusi aliulizwa anafanya nini huko anakokwenda.

Nyumbani kwetu ni Guta, upande wa Bunda. Baba alilima pamba na kufuga ng'ombe, mama alilima muhogo na kuuza dagaa kidogo kidogo, na sisi watoto tulikuwa wasichana wawili tu, jambo ambalo majirani walilisema kwa huruma. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nyangeta alikuwa na kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari mjini Bunda, na kwangu mimi hapakuwa na mtu mzuri kuliko yeye kutoka kwetu mpaka ziwani. Alikuwa na ngozi nyororo ya rangi ya kahawia, na alikuwa na sauti. Jumapili alisoma somo la kwanza katika kigango chetu, na wazee waliokuwa wakisinzia walifumbua macho akianza. Mimi nilikaa benchi la mbele nikiangalia watu wakimwangalia, nikajiona kama na mimi ninasoma.

Shangazi alipokuja kutoka Mwanza alimletea kopo la mafuta ya uso, jeupe, lenye mfuniko wa waridi. Nyangeta aliliweka juu ya sanduku lake na kuniambia nisiliguse. Basi kila asubuhi, akishatoka kwenda shule, nilikuwa naligusa. Nilichota kwa kidole kidogo, nikajipaka mashavuni, kisha nikalisawazisha juu ili shimo lisionekane. Nilidhani uzuri wake umo humo, na kwamba nikipaka kwa subira nitaamka siku moja nikiwa na uso wake.

Kopo halikuwa kubwa. Baada ya wiki kadhaa niliona chini yake, nikashikwa na hofu. Mama alikuwa na chupa ya samli aliyoiweka nyuma ya debe la unga. Samli ilikuwa nyeupe na yenye mafuta, na kopo lilikuwa na kitu cheupe chenye mafuta, kwa hiyo kwa akili yangu nilikuwa nimepata jibu. Nilichota vijiko viwili, nikavikoroga na yale yaliyobaki, nikalainisha juu kwa upande wa kisu. Jioni Nyangeta alipofungua alinusa, akakunja pua, akasema joto limeanza kuyaharibu. Lakini alipaka. Na mimi asubuhi yake nikaendelea kuchota kama kawaida, kwa kuwa sikuwa nimeacha kutaka uzuri.

Haukupita muda, zikatoka. Kwanza tatu kwenye paji la uso, kisha mashavu yote mawili, kisha kidevu, nyekundu na ngumu, nyingine zikiwa na kichwa cheupe. Alizibinya mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa mlangoni, akatoka na damu na machozi pamoja. Nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika ukingo wa mlango. Nilijua moja kwa moja. Ilikuwa samli.

Sikusema. Sikuwa mtoto mwongo kwa kawaida, lakini uongo huu haukuhitaji maneno, ulihitaji nikae kimya tu, na kukaa kimya ni rahisi kwa siku ya kwanza. Ya pili inakuwa ngumu kidogo, na baada ya mwezi unakuwa umejenga ukuta. Nilichofanya ni kulichukua kopo na kulificha chini ya magunia ya pamba, nikidhani kwamba likiwa mbali naye uso utapona. Nyangeta alidhani mama amelitupa kwa sababu ya harufu. Haukupona. Nikaelewa kwamba dhambi imeshaingia ndani.

Shuleni wavulana walimwita Mtama. Mwanzoni sikuelewa, mpaka nilipomwona mama akianika mtama juu ya jamvi, punje zimejaa kila mahali, nikaelewa. Wasichana wenzake hawakumcheka waziwazi. Walisema kwa sauti ya chini kwamba chunusi nyingi namna ile si bure, ni za msichana anayewaza wanaume, na wengine wakasema si kuwaza tu. Maneno yalitembea kutoka Bunda mpaka Guta yakamfikia baba. Baba hakumwuliza chochote. Aliacha tu kumtazama. Akimwita alitazama pembeni, na Nyangeta akajifunza kuitika akiwa ameinamisha kichwa, ncha ya kanga ikiwa mdomoni.

Akaacha kusoma kanisani. Jumapili moja katekista alisimama na kitabu mkononi akimtafuta kwa macho, naye alikuwa benchi la mwisho kabisa, nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Somo likasomwa na kijana mmoja aliyekosea majina yote ya manabii. Wazee wakaendelea kusinzia.

Likizo tulipelekwa Butiama kwa bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa Mkristo na pia alikuwa na mambo yake ya zamani, na hakuona kama mambo hayo mawili yanagombana. Alimkalisha Nyangeta juu ya kigoda, akauinua uso wake kwa mikono miwili na kuukagua polepole kama anayekagua jani la tumbaku. Kisha akaanza kazi. Siku moja ilikuwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Siku nyingine ndimu, na Nyangeta akaruka kwa maumivu. Jirani alileta habari ya dawa ya meno, kwa hiyo asubuhi moja dada yangu alikunywa uji akiwa na madoa meupe uso mzima, na kuku wakamkimbia. Alicheka siku ile. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka akicheka likizo nzima.

Siku ya mwisho bibi alituita wote wawili nyuma ya nyumba, penye mawe makubwa, akamimina maji kidogo chini na kuomba kwa Kizanaki. Alipomaliza alituuliza kama kuna mtu yeyote aliyegusa vitu vya Nyangeta kwa mkono usio mzuri. Alimaanisha watu wa nje, wenye kijicho. Mimi nilisikia anauliza habari za mkono wangu. Nikautia ndani ya gauni. Nyangeta akasema hapana, bibi, hakuna. Nami nikatikisa kichwa.

Muhula ulipoanza, dada alipata dawa yake mwenyewe. Katika saluni moja mjini Bunda, ambako wasichana walikwenda kusukwa siku za Jumamosi, mwenye saluni alimpa tyubu ndogo isiyo na boksi. Akamwambia apake kidogo jioni, asubuhi ataona maajabu. Na ni kweli aliyaona. Ndani ya siku tano uvimbe ukashuka, wekundu ukafifia, na uso ukawa mweupe kidogo kuliko shingo. Mama alipiga vigelegele jikoni. Mimi nilikwenda chooni peke yangu nikapiga magoti na kumshukuru Mungu, nikamwahidi kwamba sitagusa kitu cha mtu tena maisha yangu yote. Niliamini nimesamehewa.

Wiki tatu nilikuwa mtoto mwenye furaha. Kisha zikarudi, na safari hii zilikuja na ndugu zao wote. Zilitoka pia shingoni na kuzunguka mdomo, ndogo ndogo nyingi. Ngozi yenyewe ikawa nyembamba, ikaonyesha mishipa, ikawaka moto akitoka juani. Akiacha tyubu siku mbili uso unavimba, akipaka unatulia kidogo. Akawa anapaka asubuhi, mchana na jioni, akimaliza tyubu moja anatafuta nyingine. Mwenye saluni alimwambia dawa inatoa uchafu wa ndani, avumilie.

Hapo ndipo alipoacha shule, ingawa sisi hatukujua. Kila asubuhi alivaa sare, akachukua madaftari, akaondoka. Mimi ndiye niliyemwona. Nilikuwa nimetumwa kupeleka maji kwa baba shambani, nikakata njia kupitia upande wa ziwa, nikamkuta ameketi kwenye kivuli cha jiwe akiwa na daftari la Baiolojia magotini. Alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni. Aliniomba nisiseme. Aliniambia wametakiwa kupeleka picha za kuandikishwa mtihani wa kidato cha nne, na kwamba yeye hapigi picha. Alisema afadhali asifanye mtihani kuliko uso ule kubandikwa kwenye karatasi na kutumwa Dar es Salaam.

Nikawa sasa nina siri mbili, ya samli na ya jiwe. Nilikuwa na miaka kumi na nilichoka kama mzee.

Barua ya shule ilikuja kwa mkono wa mwanafunzi mmoja wa jirani. Ilisema Nyangeta hajaonekana darasani kwa siku nyingi, na mzazi afike. Baba aliisoma akiwa amesimama uani, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. Alimngoja arudi. Aliporudi na madaftari yake kama kawaida, baba alikaa kwenye kiti na kumwambia asimame mbele yake. Mama alisimama mlangoni. Baba alimwuliza huwa anakwenda wapi. Nyangeta aliyakumbatia madaftari kifuani. Akamwuliza ni nani huyo mwanamume. Nyangeta akalia, na baba akachukulia kilio kuwa jibu. Akaanza kusema kwa sauti ya chini kabisa, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu, kwamba shule imekwisha. Kwamba kuna watu wa upande wa Murangi waliowahi kuulizia posa, na kwamba yeye kama baba hatakaa akichekwa na dunia.

Sikuwa nimepanga kusema. Niliona tu miguu yangu ikitoka nyuma ya mama na kusimama katikati ya ua.

"Baba, hakuna mwanaume," nilisema. "Ni mimi. Nilitia samli kwenye mafuta yake."

Baba hakuelewa, kwa hiyo ilinibidi nieleze yote. Kopo, kidole changu, vijiko viwili, magunia ya pamba. Nikaeleza na jiwe, na picha, na tyubu ya saluni. Nilisema kwa kurudiarudia na kamasi zikinitoka. Nilipomaliza nikasimama nikingoja fimbo. Kuku mmoja alipita kati yetu akidonoa.

Baba aliinuka. Alimwendea Nyangeta, akashika ncha ya kanga na kuishusha taratibu mpaka mabegani. Ilikuwa saa kumi jioni, jua la upande wa ziwa linapiga usoni bila kuficha kitu. Alimtazama kwa muda mrefu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kwa miezi mingi.

"Ng'ombe wangu akivimba jicho tu, kesho yake nimeshamwita bwana mifugo," alisema. Hakuwa akizungumza na yeyote kati yetu. "Mwanangu anaungua, na mimi nageuza uso." Kisha akamgeukia mama. "Watafutie nguo safi. Kesho tunaenda Musoma."

Nilipelekwa na mimi, kama shahidi, na kopo la mfuniko wa waridi likiwa ndani ya mfuko wa rambo magotini mwangu. Huko hospitali tulingoja mpaka karibu saa sita. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kitu cha kwanza nilichoona ni mashavu yake. Yalikuwa na vishimo vidogo vidogo vya zamani. Nyangeta naye aliviona, na nikamwona akiacha kanga yake iteleze bila kuambiwa.

Daktari aliomba aone kila kitu kilichowahi kupakwa kwenye uso ule. Nyangeta akataja dawa ya meno, ndimu, mwarobaini. Akatoa tyubu. Daktari aliigeuzageuza, akaisogeza karibu na miwani, akaiweka mbali na vitu vingine.

"Hii ndiyo unapakaga mara ngapi?"

"Tatu kwa siku, daktari."

Daktari akashusha pumzi. Akatueleza, akimtazama zaidi baba, kwamba ile ni dawa kali ya magonjwa mengine ya ngozi, ambayo hutolewa kwa siku chache na kwa maelekezo. Usoni, kwa mwenye chunusi, inadanganya. Inatuliza juu huku inadhoofisha ngozi na kuzizidisha chunusi chini, na ukiiacha, ngozi inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ndiyo maana mtu anashindwa kuiacha. Baba akauliza kama basi binti ameharibika. Daktari akasema hapana, anatibika vizuri, ila si kwa siku tano.

Baba akakohoa, akaniambia nitoe kopo. Nililiweka mezani. Daktari alilifungua, akanusa, na nyusi zake zikapanda juu ya miwani. Baba akamweleza kwa aibu kidogo habari za samli. Daktari aliniita nisogee.

"Baada ya kutia samli, wewe uliendelea kupaka?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, mpaka nilipolificha."

Akanishika kidevu, akageuza uso wangu kushoto na kulia kwenye mwanga wa dirisha. "Mbona wewe huna hata moja?"

Kwa mwaka mzima sikuwahi kujiuliza swali hilo. Alinieleza polepole kwamba mafuta mazito hayaisaidii ngozi yenye chunusi, yanaziba vitundu vyake, kwa hiyo nisirudie. Lakini hazikuletwa na samli, wala na mkono wangu. Zililetwa na umri. Mwili wa kijana ukianza kukua, alisema, homoni zinaamsha tezi za mafuta chini ya ngozi, na kwa wengine zinaamka kwa fujo. Si uchafu, si wanaume, si laana. Hapo alimtazama baba, na baba akatazama kofia yake iliyokuwa magotini.

Mimi neno moja tu ndilo lililonibaki. Kwenye basi la kurudi, tulipoanza kuiacha Musoma, nilimvuta baba shati nikamwuliza huyo Homoni anakaa wapi, kwa nini asikamatwe. Nilimfikiria kuwa mtu wa Bunda, mrefu, mwenye pikipiki. Baba alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia, na Nyangeta, aliyekuwa dirishani, alicheka pia. Nililala begani kwa dada nikaamka Bunda, na sikumbuki usingizi mwingine mtamu kama ule.

Masharti tuliyopewa hayakuwa mengi, lakini yalitaka watu wenye subira. Uso unaoshwa mara mbili kwa siku, kwa maji na sabuni laini, kwa mkono, bila kusugua. Chunusi haibinywi wala haiguswi. Tyubu ya saluni inaachwa kwa utaratibu aliouandika daktari. Kulikuwa na jeli ya kupaka jioni, kidogo tu, uso mzima na si juu ya chunusi peke yake. Kulikuwa na vidonge vya wiki kadhaa, vya kumeza kwa maji mengi na si kwa maziwa, jambo lililomshangaza mama, maana kwetu kila kitu kilimezwa kwa maziwa. Na ukivimeza unajikinga na jua. Daktari alisema wazi kwamba mwezi wa kwanza utakuwa mbaya, na kwamba tusije tukamkimbia hapo, kwa kuwa ndipo wengi wanapokimbia.

Ulikuwa mbaya kweli. Uso ulivimba, ukachubuka, ukatoa maji. Siku ya tisa Nyangeta alimwomba mama amletee tyubu japo ya mara moja, na mama, ambaye hakuweza kumwona mtoto akiumia, alijifunga kitenge aende. Baba alimrudisha mlangoni. Alisema ng'ombe akiogeshwa dawa kwenye josho anaruka na kupiga mateke, lakini kupe ndio wanaokufa. Kisha akakaa na Nyangeta uani, akamsimulia mambo yasiyo na maana, habari za fahali mmoja wa babu aliyeogopa mbuzi, mpaka jioni ikapita.

Katikati ya kipindi hicho ndipo picha zilipotakiwa. Baba alikuwa amekwenda shuleni mwenyewe na cheti cha daktari, akazungumza na mwalimu wa taaluma, na wakampokea Nyangeta darasani. Muda wa picha waliweza kuusogeza hadi Ijumaa tu. Kwa hiyo alipiga picha uso ukiwa katika hali mbaya kuliko siku zote. Twende wote, baba alisema, na tukaenda wote watatu studio ya Bunda, baba akiwa na kofia yake ya pama. Alimvalisha Nyangeta njiani, kwa ajili ya jua, na ilimwingia mpaka masikioni.

Mpiga picha alikuwa kijana mwema. Alipoiona picha kwenye kompyuta alisema anaweza kuusafisha uso kidogo, ni kazi ya dakika mbili. Baba akamwangalia Nyangeta. Nyangeta aliisogelea ile kompyuta, akajitazama. Mimi nilijua ni miezi mingapi hajakitazama kioo bila kulia.

"Msimamizi wa mtihani atalinganisha picha na mimi," alisema mwishowe. "Iache ifanane na mimi."

Kijana akaiacha.

Siwezi kutaja siku aliyopona, kwa sababu haikuwapo. Zilipungua kama maji ya mtungi unaovuja kidogo, huoni tone, unaona tu kwamba yameshuka. Jumapili baada ya kanisa aliniruhusu nizihesabu kwa macho, mikono ikiwa nyuma. Arobaini na kitu, kisha thelathini, kisha Jumapili moja zikaongezeka tena tukanuna wote. Ile jeli ilichujua rangi kila kitambaa ilichogusa. Foronya yake ya bluu ikawa na mawingu meupe, na mama akawasingizia panya, akaweka mtego. Kila mwezi baba alimpeleka Musoma. Hakumtuma na mtu. Kufika msimu wa kuvuna pamba zilikuwa zimebaki chache, na kwenye mashavu yote mawili palikuwa na madoa meusi, na vishimo kadhaa pale alipokuwa akibinya. Daktari alimwambia madoa yatafifia kwa muda mrefu, na vishimo vingine vitabaki. Nyangeta alikubali. Alirudi kusoma kanisani kabla madoa hayajafifia, bila kumwambia mtu. Tulisikia tu sauti.

Alifanya mtihani, akafaulu, akaenda chuo cha uuguzi. Kabla ya kuondoka aliwaita wasichana wawili wa darasani kwake waliokuwa wakitumia tyubu zilezile, akawapeleka kwa daktari wake kama mtu anayepeleka wageni kwa ndugu. Mmoja alipona vizuri kuliko yeye. Wa pili aliacha katikati, na Nyangeta alimfuata nyumbani kwao mara tatu mpaka akarudi.

Mimi ilinikuta nikiwa na miaka kumi na mitatu, kidato cha kwanza. Niliamka asubuhi nikaiona kidevuni, moja, nyekundu, imekaa katikati kama mwenye kiti chake. Nyangeta alikuwa nyumbani likizo, anaosha vyombo uani. Nilimwendea nikiwa nimejifunika mdomo kwa kiganja, nikamwomba kanga.

Hakunipa. Alifuta mikono, akanikalisha kwenye kigoda, akakishusha kiganja changu. Aliitazama kwa makini, uso wake ukiwa karibu na wangu kiasi kwamba niliviona vishimo vyake kimoja kimoja.

"Imekuja," alisema. "Inauma?"

"Kidogo."

"Usiiguse. Zikizidi, tutakwenda. Hujachelewa kitu."

Akaniosha uso kwa maji ya baridi, taratibu, bila kusugua, akanifuta kwa kitambaa chake, akanikabidhi mkoba wa shule. Akarudi kwenye vyombo vyake. Nilisimama pale nikingoja neno zaidi, lakini yeye alishamaliza.

Njiani nilimkuta rafiki yangu wa darasani, mtoto wa jirani, ambaye tulizoea kwenda pamoja. Alinitazama kidevuni hata kabla ya kunisalimia, akasema nina chunusi. Nikamwambia najua. Nikamwambia kwamba na yeye anayo moja, pale juu karibu na nywele, na ya pili inakuja. Mkono wake ukaruka kwenda kwenye paji la uso, nikaudaka hewani. Akaniuliza, sauti yake imepungua, kama zitakaa sana. Nikamwambia huenda zikakaa kidogo, lakini zinaondoka, na kwetu kuna mtu anayezijua, aje jioni tumwulize. Akapiga hatua chache, kisha akauliza kama anaweza kuja na dada yake pia.